Sharti la Mwekaji Wakfu

Neno wakfu lina makazi mawili Afrika Mashariki. Huko Ilemela, kando ya Ziwa Viktoria, litajwapo neno hilo fikra za wengi huelekea kanisani: askofu kawekwa wakfu, altare mpya imewekwa wakfu. Huko Unguja, Lamu au Mombasa fikra huenda kwenye nyumba yenye maduka chini, kwenye shamba la minazi, kwenye kisima kilicho ubavuni mwa msikiti. Chimbuko ni moja, nalo ni neno la Kiarabu lenye maana ya kusimama. Kilichowekwa wakfu kimesimamishwa: hakiuzwi, hakirithiwi, hakipewi mtu. Kinachotembea ni matunda yake tu, na matunda hayo yametakiwa yatembee milele.

Hilo la milele ndilo lenye mashaka. Mtu ampaye maskini chakula leo hana haja ya kujua maskini huyo atakuwa nani kesho. Lakini mtu akusudiaye kuilinda jumuiya yake kwa mali atakayoiacha nyuma huwa anasema na watu ambao hawajazaliwa, nao hawana njia ya kumjibu. Je, ana haki ya kuwaamrisha?

Na achukuliwe, kwa mfano tu, mama mmoja wa kubuni, mchuuzi wa dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, ambako magunia hupakiwa kwenda hata Kongo. Amejenga nyumba ya vyumba sita Kitangiri, vinne amepangisha. Yeye ni Mwislamu katika nchi ya Wasukuma, ambamo Waislamu ni wachache. Madrasa aliyosomea utotoni bado ipo, lakini mwalimu hulipwa siku za kulipwa na siku nyingine hulipwa shukurani. Mama huyu anataka kodi ya vyumba vinne imlipe mwalimu, yeye awepo au asiwepo. Tena anataka kuandika masharti. Mwalimu awe wa ukoo wa yule mwalimu wa kwanza. Vitabu vya kusomesha viwe vile vile. Na watoto watakaosomeshwa kwa fedha hiyo wawe wa baba na mama wote Waislamu, maana hofu yake kubwa ni kwamba watu wake wanaoana na wengine na kupotelea humo.

Hofu hiyo si ya Ilemela peke yake. Ni hofu ya kila jumuiya ndogo, na pengine hakuna waliokaa nayo muda mrefu kuliko Wayahudi, ambao kwa karne nyingi wameishi wakiwa wachache miongoni mwa wengi, na ambao mpaka leo, hasa kule Marekani, huandika wosia na kufungua mifuko ya fedha ili skuli na masinagogi yao yasizimike. Nao wana kisa kimoja katika Talmudi, cha Honi, mcha Mungu aliyemkuta mtu akipanda mti wa kharubu, mti ambao alielezwa kuwa hungoja miaka sabini ndipo uzae. Akamuuliza iwapo anatumaini kuyala matunda. Mpandaji akamjibu kwamba yeye mwenyewe aliikuta duniani miti iliyopandwa na wazee wake, na kama walivyompandia ndivyo naye anavyowapandia wajao.

Wengi huishia hapo, kwa kuwa hapo kisa kinapendeza. Lakini kinaendelea. Honi alilala usingizi wa miaka sabini (wasomaji wa pwani watawakumbuka Watu wa Pangoni), akaamka, akamwona mjukuu wa mpandaji akichuma. Akaenda nyumbani kwake akajitaja jina, hakuna aliyemsadiki. Akaenda kwenye chumba cha wanazuoni, akawasikia wakilisifu jina lake. Aliposema kuwa ndiye yeye, hawakumwamini wala hawakumpa heshima aliyoistahiki. Akaomba kufa, akafa. Sehemu hii ya pili ni chungu, nayo ina maana zaidi kwa anayetaka kuweka wakfu. Mjukuu anakula kharubu bila tabu yoyote. Anayeteseka ni mtu wa jana aliyejikuta leo, akitaka kutambuliwa.

Uislamu una simulizi yake katika jambo hili, na ajabu ni kwamba inaanza na Myahudi. Wapokezi wa sira wanamtaja Mukhayriq, mwanachuoni wa Kiyahudi wa Madina, mwenye mitende mingi. Siku ya vita vya Uhud, mwaka 625, alitoka kwenda kumsaidia Mtume, na kabla ya kutoka akausia kwamba akiuawa, mali yake yote iwe ya Muhammad, aitumie kama Mungu atakavyomwonyesha. Akauawa. Mashamba yake saba yakafanywa sadaka, na wapo wanazuoni wanaoyahesabu kuwa wakfu wa kwanza katika Uislamu. Iwapo alisilimu au hakusilimu, wapokezi wamekhitalifiana. Kinachostahili kuangaliwa ni namna alivyousia. Hakuweka sharti. Alimchagua wa kumwamini, kisha akanyamaza.

Waliomfuata hawakunyamaza kiasi hicho. Mafakihi waliweka kanuni kwamba sharti la mwenye kuweka wakfu lina nguvu kama maneno ya sheria yenyewe, na madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wa pwani, yamekuwa makali kuliko ya Hanafi katika kuzuia mali ya wakfu isibadilishwe kwa nyingine. Ukali huo una sababu. Panapokuwa na mlango wa kubadilisha, wa kwanza kuupita huwa si mwenye hekima bali mwenye tamaa. Leo shamba linabadilishwa kwa shamba, kesho kwa ahadi, keshokutwa halionekani. Lakini ukali nao una gharama. Mtu aliyeweka minazi ili itoe mafuta ya taa ya msikiti hakujua kwamba umeme ungefika. Taa zikazimwa, sharti likabaki linawaka.

Serikali na mahakama zimekuwa na maoni yao kuhusu umilele. Katika shauri lililotoka Kenya na kuamuliwa London mwanzoni mwa miaka ya 1950, majaji wa rufaa ya juu kabisa ya dola ya Uingereza walibatilisha wakfu ambao faida yake ilikuwa ya kizazi cha mwekaji kwanza, na maskini mwisho kabisa. Machoni pao sadaka inayoanza nyumbani haikuwa sadaka, ilhali machoni pa Waislamu wa pwani kumpa jamaa kulikuwa kheri mara mbili. Huku Tanganyika pigo lilitoka kwingine. Mwaka 1971 majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitwaliwa, na mwenye kukusudia kodi ya jumba lake isomeshe vizazi alikuta kodi hiyo ikipelekwa kwa Msajili wa Majumba. Na leo, kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na hati ya kiwanja cha mjini hutolewa kwa muda wenye kikomo, usiozidi miaka 99. Mama wa Kitangiri atasemaje milele juu ya udongo aliokabidhiwa kwa miaka ya kuhesabika? Jawabu la kweli ni kwamba kila mwekaji wakfu, tangu zamani, alisema milele juu ya kitu alichoazimwa. Hati imeliandika tu kwa tarakimu.

Ng'ambo ya ziwa, Uganda ya mashariki, iko jumuiya iliyoonja pande zote za jambo hili. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza kisha akafarakana nao, aliisoma Biblia mpaka akashika Agano la Kale peke yake, na mwaka 1919 akajitahiri pamoja na wafuasi wake karibu na Mbale. Wakaitwa Abayudaya. Alikuwa mtu wa ardhi na watu wengi, lakini alipofariki mwaka 1928 alichoacha kilichodumu si utajiri. Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao katika miaka ya 1970, maelfu walipungua wakawa mia chache, na hao waliendelea kwa sababu familia kadhaa zilikataa kusahau. Katika miaka ya 1980 vijana wakaenda kuishi pamoja kwenye kilima cha Nabugoye ili kuihuisha jumuiya. Misaada ya Wayahudi wa Marekani ikafuata katika miaka ya 1990, na pamoja na misaada yakaja maswali: Uyahudi wa namna gani? Wengi wakafuata mkondo mmoja, na rabi wao Gershom Sizomu akapewa daraja hiyo Marekani mwaka 2008. Wengine, wa kijiji cha Putti, wakafuata mkondo mkali zaidi. Mkono utoao kutoka mbali huwa na kivuli kirefu. Hata hivyo skuli yao iitwayo kwa jina la Kakungulu hupokea watoto wa Kikristo na wa Kiislamu, na chama cha wakulima wa kahawa kilichoanzishwa mwaka 2004 kiliwakusanya watu wa dini zote tatu. Jumuiya iliyokaribia kutoweka ingekuwa ya kwanza kusamehewa kama ingefunga milango. Haikuifunga.

Na kama yupo anayedhani kwamba nia njema yatosha, aliangalie ziwa lenyewe. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 alitiwa sangara ndani ya Ziwa Viktoria, kwa kusudi la kuwapatia watu samaki mkubwa mwenye thamani badala ya furu wadogo wenye miba. Nayo ilikuwa zawadi kwa wajao. Miaka ya 1980 sangara alijaa kila pahali, furu wa aina nyingi mno wakapungua au wakatoweka kabisa, na baadaye vikasimama Mwanza viwanda vya minofu, minofu ikapandishwa ndege kwenda Ulaya. Watu walipata kazi; hilo lisifichwe. Lakini mvuvi wa Igombe au Kayenze hakuulizwa, na hata angetaka kuirudisha zawadi ile, nani angemtoa sangara majini?

Tofauti iliyo wazi ni hii: yapo masharti ya kumfunga msimamizi na yapo masharti ya kumfunga mnufaika, na watu huyachanganya. Asiuze, asijikopeshe, aonyeshe hesabu kila mwaka mbele ya watu, wadhamini wasajiliwe kisheria wala wasiwe wa nyumba moja. Hayo yote yanaweza kuwa makali kama wembe, kwa sababu yanamlinda asiyekuwepo dhidi ya aliyepo. Lakini mtoto asome kitabu gani, mwalimu awe wa ukoo upi, mama yake mtoto awe nani, hayo yanamlinda mwekaji dhidi ya wakati. Wakati haulindiki. Watu wa zamani waliogopa wezi, wakafanya vyema. Walipoogopa wajukuu wao wenyewe ndipo walipokosea.

Mama wa Kirumba anaye mtoto wa kiume aliyeoa binti wa Kikristo wa Bwiru. Wana watoto wawili. Sharti lake la tatu, kama lilivyoandikwa, linawatoa wajukuu hao nje ya madrasa ya bibi yao. Hakuliona alipoliandika, alikuwa akiwawaza watu wengine, watu wa jumla, wale wanaopotea. Yapo pia mafundisho kwamba wosia usizidi thuluthi, na kwamba kuwaacha warithi na cha kujitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakinyoosha mikono. Mabinti zake wawili wanaishi kwa kodi hizo hizo za vyumba. Wakfu wa mtu aliye hai na mzima wa afya haufungwi na thuluthi, naam, ila hao mabinti hawawezi kula tofauti iliyopo baina ya wakfu na wosia.

Basi na aweke vyumba viwili badala ya vinne. Masharti ya wadhamini ayaache yote, ayazidishe hata. Yale ya ukoo na vitabu ayafute, na lile la tatu alifute kwanza. Hati ya kiwanja chake ni ya miaka 66, na muda huo utakapokwisha itampasa mtu kwenda ofisi ya ardhi Ilemela kuomba uongezwe. Mtu huyo hajazaliwa. Huenda akawa mtoto wa mmoja wa wale wajukuu wawili.