Je, Tabibu Ajua Siku za Mgonjwa?

Alinijia kijana ambaye babake ameshikwa na saratani ya nyama za paja, nayo imekwisha kufika mapafuni. Tabibu amemwambia kwamba wagonjwa wa hali hii, kiasi cha nusu yao hawapiti mwaka mmoja na nusu. Kijana akaniuliza mambo mawili: Je, kusema hivi si kudai elimu ya ghaibu? Na je, si huruma kumficha mzee?

Ama la kwanza, jawabu lake ni jepesi. Asemalo tabibu si ghaibu, ni dhana iliyojengwa juu ya hesabu ya waliotangulia, kama nahodha atazamavyo mawingu. Saratani hii, iitwayo sakoma, ina namna zaidi ya 50. Tabibu hutazama ni namna ipi, ukubwa wake, ukali wake chini ya hadubini, na kama mgonjwa bado atembea mwenyewe au alala kutwa. Na akisema nusu hawapiti, maana yake nusu ya pili wapita, na wengine wapita mbali. Stephen Jay Gould, mtaalamu wa Marekani, alipatikana na saratani ya namna nyingine mwaka 1982, ambayo nusu ya wagonjwa wake walikuwa wakifa katika miezi 8. Yeye aliishi karibu miaka 20.

La pili ndilo zito. Mwaka 2000 ulitangazwa uchunguzi wa Chicago: matabibu 343 walikisia siku za wagonjwa 468 waliokaribia mauti. Waliosibu ni 20 tu katika kila 100, na 63 walizidisha. Tena, kadiri tabibu alivyomjua mgonjwa wake kwa muda mrefu, ndivyo alivyozidi kukosea! Ikiwa mapenzi humpofua tabibu, seuze mwana?

Nikamwuliza: "Babako ana deni?" Akasema analo, na liko shamba ambalo mipaka yake haijui ila yeye. Basi miezi hiyo ni mali ya nani? Amfichaye mzee amemnyang'anya, japo analia. Wala sisemi arushiwe hesabu asizoziuliza. Yuko mgonjwa asiyetaka kusikia, na haki hiyo ni yake. Lakini aulizwe yeye, si wanawe.

Kijana alinyamaza kitambo, kisha akasema ataanza kwa kumwuliza habari za lile shamba.