Je, Ni Dhambi Kumpa Ndugu Preavi?



Kuna swali linalorudi mara nyingi katikati yetu. Mwenye parsele ni mwamini, mpangaji wake ni mwamini vilevile, na miezi minne au mitano imepita bila feza ya nyumba kulipwa. Je, ni haki kumwandikia barua ya preavi? Wengine wanasema: ndugu hawaandikiani barua, hayo ni mambo ya dunia. Wengine wanasema: deni ni deni, atoke leo. Tuyapime maneno haya mawili, kwa maana yote mawili yanaumiza.

Kwanza tukumbuke hali ya mji wetu. Kindu ilikuwa makao makuu ya Maniema tangu 1988, na watu wakazidi kuja kutafuta kazi na shule. Katika vita iliyoanza 1998, treni ilikaa miaka bila kufika hapa. Wafanyakazi wa reli na wa serikali wameonja miezi mingi bila mshahara. Kwa hiyo mpangaji asiyelipa si lazima awe mdanganyifu. Lakini mwenye nyumba naye si lazima awe tajiri. Tuseme ni mama mjane wa Mikelenge. Mume wake alimwachia vyumba viwili vya matofali. Kimoja analala na watoto, kingine anapangisha, na kutoka hicho anapata chumvi, sabuni na feza ya shule ya mtoto wa sekondari. Mpangaji wake ni papa wa reli mwenye watoto watano. Nani maskini hapo? Wote wawili.

Sasa anayemwambia mama huyu, «Nyamaza, ni ndugu yako», anatoa sadaka kutoka mfuko wa mjane. Huruma namna hiyo haimgharimu kitu yule anayeihubiri. Katika mfano wa Bwana Yesu, Mathayo sura ya 18, mfalme alisamehe deni lililokuwa lake mwenyewe. Mjane akitaka kusamehe, asamehe kwa moyo wake, naye atabarikiwa. Lakini sisi hatuna ruhusa ya kusamehe kwa niaba yake, halafu turudi nyumbani tukale.

Tuangalie mfano ule tena. Yule mtumwa mwenye deni kubwa hakuomba deni lifutwe. Aliomba avumiliwe mpaka alipe. Na mwenzake mwenye deni dogo alimwomba yeye neno lile lile. Kosa la mtumwa mbaya lilianzia hapo: alimkamata mwenzake kooni na kumtia kifungoni bila kumpa hata siku moja. Alinyima muda. Na preavi, wapendwa, ni kitu gani kama si muda? Ni barua inayosema: deni ni hili, siku ni hizi, tuzungumze kabla hazijaisha.

Tena, kunyamaza si upole siku zote. Mwenye nyumba anayenyamaza miezi sita anaweka hasira kidogo kidogo, kama maji nyuma ya ukuta. Siku moja anakuja na vijana, wanang'oa mlango, wanatoa mabati, na godoro la watoto linanyeshewa na mvua. Mpangaji anasema, «Hakuniambia kitu.» Na ni kweli.

Torati pia inatufundisha. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inamkataza mwenye kukopesha kuingia katika nyumba ya mwenye deni kuchukua rehani. Asimame nje, na mwenye deni mwenyewe amletee. Deni haliondoi heshima ya mlango wa mtu. Barua inasimama nje ya mlango; vijana wenye nyundo wanauvunja.

Sheria ya inchi nayo inafuata njia hiyo. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inataka mkataba uwe wa maandishi, na garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi 3. Ugomvi wa nyumba upelekwe kwanza kwenye ofisi ya serikali tunayoiita habita, watu wapatanishwe, kabla ya kwenda tribinali. Hakuna mwenye parsele aliyewekwa kuwa hakimu wa jambo lake mwenyewe.

Basi barua iandikwe kwa ukweli. Itaje miezi isiyolipwa, feza iliyokwisha kupokelewa, garanti iliyowekwa, jumla ya deni na tarehe ya mwisho. Iwe nakala mbili, na mpangaji atie sahihi na siku aliyoipokea. Ipelekwe mchana, pamoja na mzee mmoja wa kuaminika. Kama mpangaji hajui kusoma, asomewe polepole ndani ya nyumba yake, si mbele ya majirani, wala si katika matangazo ya kanisa.

Na wewe mpangaji, usijifiche. Usimtume mtoto aseme, «Papa hayupo», huku uko chumbani, unamfundisha uongo. Ukipata kidogo, peleka kidogo na uandikiwe. Usilifanye neno «ndugu» kuwa kufuli ya mlango wa mtu mwingine.

Lakini neno kubwa ni kwetu sote. Siku za preavi ni siku za kanisa. Barua ikishafika, tunajua sasa kwamba nyumba mbili ziko katika taabu. Nani ana chumba kitupu huku Kasuku au ng'ambo ya mto, Alunguli? Nani anajua kazi ya siku chache? Nani ataleta kikombe cha mchele kwa mjane, na kingine kwa papa wa reli? Tunafundishwa upendo, amri na kazi, na hayo matatu hayaachani. Barua ni amri. Upendo na kazi vinangoja mikono yetu. Siku zikiisha na hakuna aliyeuliza, lawama haitakuwa ya mama yule peke yake.

Inaweza kutokea kwamba pamoja na hayo yote papa huyo hana budi kuondoka. Itakuwa siku ya uchungu. Hata hivyo aondoke mchana, vyombo vyake vikiwa vizima, watoto wakijua wanakwenda wapi, na sisi tukiwa tumebeba mizigo kichwani pamoja naye. Kisha Siku ya Bwana yeye na mama yule wataweza kukaa katika ibada moja bila kukwepana macho.

Bwana atupe moyo wa kusema kweli mapema, na mikono ya kusaidia kabla ya siku kwisha. Amina.