Nchi Inayoelea Angani



Wengi wetu tulikutana na Kusadikika ya Shaaban Robert shuleni, tukaisoma kwa ajili ya mtihani, basi. Kitabu kilitoka 1951, mwandishi ni Mwislamu wa Tanga, na bado naona kinamfaa sana Mkatoliki anayesumbuliwa na mashaka.

Hebu tazama jina lenyewe. Kusadikika ni nchi inayoelea angani, haigusi udongo popote. Ina jina la imani, lakini wakubwa wake hawataki kusadiki neno geni hata moja. Wajumbe sita walitumwa pande zote nne, mbinguni na ardhini. Waliporudi na habari wakaishia kifungoni. Karama naye anashtakiwa kwa kutaka kufundisha uanasheria, na mshtaki wake ni Waziri Majivuno. Anajitetea vipi? Anasimulia. Siku baada ya siku anasimulia habari za wajumbe wale. (Nathani alimfikia Daudi hivyohivyo, kwa kisa cha mwanakondoo. Angeanza kwa kumshutumu mfalme, sijui kama angemaliza sentensi.)

Vijana wa Mbeya na Iringa huniuliza: kama kisa hakikutokea, si ni uongo? Wa Iringa wananishangaza zaidi, maana wana Gangilonga pale mjini, jina ambalo kwa Kihehe ni jiwe linaloongea. Hakuna anayepanda na kinasa sauti. Watu wanakaa pale juu, wanasimuliana habari za Mkwawa, wanashuka wakijua wao ni nani. Uongo unataka usione kitu. Karama anasimulia ili baraza liwaone watu waliofungwa kwa kuleta habari.

Ila kinachoniuma ni kile kifungo. Tomaso alikataa kusadiki, na Yohane anasema baada ya siku nane alikuwa ndani pamoja na wenzake. Yaani hawakumtoa! Asiyeamini na walioamini, nyuma ya mlango mmoja uliofungwa.

Sasa jamani, kwenye VIWAWA yetu, binti akiuliza kwa nini mama yake alikufa wakati tulisali novena siku zote tisa, tunampa siku ngapi? Tunamwambia "usikufuru", anakaa kimya, mwezi unaofuata haji. Sisi tunabaki tunaelea, kila mtu anasadiki, hakuna anayeuliza.

Jumapili hii baada ya Misa, pita kwao. Mwulize habari za mama yake, na usiwe na haraka ya kujibu.