Uzuri na Upatano wa Maneno

Mwanafunzi wa Ngorongo, nchi ya Rufiji, aanzapo kujifunza Kifaransa hutatizika mapema katika kusifu. Kwao Rufiji ni mto mzuri, na Kilombero, umwagao maji yake humo, ni mto mzuri vilevile. Mfaransa hutenga. Mto uendao baharini ni "fleuve", jina la kiume, nao husifiwa "beau". Mto uingiao katika mto mwenziwe ni "rivière", jina la kike, nao husifiwa "belle". Hata mti, "arbre", hudai "bel", kwa kuwa jina lake ni la kiume na huanza kwa irabu.

Taabu hii si ngeni kwa mwana wa Kiswahili. Tangu utotoni amejua kuwa maji ni mazuri, kisima ni kizuri, na nyumba ni nzuri. Asifuye hana budi kukitazama kwanza akisifucho, ndipo atamke. Katika adabu hii lugha hizi mbili ni ndugu.

Lakini wavulana na wasichana wakichanganyika, Kifaransa huwaita wote "beaux", kwa kiume, hata kama wasichana ni mia na mvulana ni mmoja. Je, hiyo ni kanuni ya maneno au hukumu juu ya watu? Wanasarufi wenyewe hawakuficha. Mwaka 1647 Vaugelas aliandika kuwa jinsi ya kiume ina utukufu zaidi. Mwaka 1767 Beauzée akataja sababu, yaani ubora wa mume juu ya mke. Hapo kale waandishi wengi walipatanisha sifa na jina lililo karibu nayo, wala lugha haikuharibika. Mwaka 2017 walimu 314 wa Ufaransa walitangaza kuwa hawatafundisha tena kuwa kiume hushinda kike. Walikuwa na haki: kanuni iliyotetewa kwa hoja ya ukubwa haiwezi baadaye kujisitiri kwa mazoea.

Mswahili naye asijivune upesi. Ni kweli "mzuri" haliulizi mume wala mke, na kiboko wa Rufiji, ingawa jina lake limevaa vazi la kiti na kisu, huitwa mzuri (na wamtazamao kwa mbali) kwa sababu ana uhai. Lakini kipofu, kiziwi na kilema nao wamevikwa vazi hilohilo. Upatano huwarudishia utu: kipofu mzuri, si kizuri. Jina lenyewe halikubadilika. Leo wengi huchagua kusema asiyeona. Viziwi wa Tanzania, kwa upande wao, wana chama kiitwacho Chama cha Viziwi.