Dalali Akibisha Hodi

Andiko: 2 Wafalme 4:1-7, Kumbukumbu la Torati 24:6, 10-13, Warumi 13:7-8



Miezi hii nimeketi na familia kadhaa za kanisa letu zenye shida moja. Ploti waliyoachiwa na wazazi haijalipiwa kodi ya ardhi ya kaunti kwa miaka. Riba imepanda, barua zimekuja, na sasa wanaogopa korti na dalali. Mama mmoja, ambaye ameniruhusu nilisimulie hili bila jina lake, aliiweka barua ndani ya Biblia akaifungia siku 21. Bahasha yenyewe alikuwa hajaifungua.

Niseme kwa upendo: pepo hukemewa, deni hulipwa. Paulo anatuagiza tumpe kila mtu anachostahili, na mwenye kudai kodi apewe kodi. Sasa mtu afanye nini kama hana? Hebu tumtazame yule mjane.

1. Alilitaja deni lake

Mume wake alikuwa mcha Mungu, tena katika kundi la manabii, na bado alikufa akidaiwa. Kwa hivyo tusiharakishe kusema nyumba yenye deni ina laana. Mwia alikuwa njiani kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Mama huyu alienda kwa Elisha akasema yote: nani amekufa, nani anadai, anakuja kuchukua nini. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

Mpendwa, fungua bahasha. Hiyo nambari ya ploti ni yako kweli? Deni lenyewe ni ngapi, na riba ni ngapi? Nilisomea biashara kabla ya kusimama madhabahuni, na nakwambia deni lisilosomwa linakua ukiwa umelala. Nenda ofisi ya kaunti, omba hesabu yako kwa maandishi, andika barua ukisema unaweza kulipa kiasi gani kila mwezi. Kuna nyakati kaunti hutangaza msamaha wa riba, lakini anayefaidika ni yule aliyejitokeza kulipa deni lenyewe. Na mtu wa kanjo akikwambia "tumalizane hapa hapa", mwambie unataka risiti.

2. Mungu alimwekea mdai mpaka

Katika Torati, mdai hakuruhusiwa kuingia nyumbani mwa mdaiwa kujichagulia rehani. Alisimama nje, aletewe. Jiwe la kusagia halikuchukuliwa, kwa sababu ndilo chakula cha nyumba. Na vazi la maskini lilirudishwa kabla jua kutua, apate kujifunika.

Sheria yetu ya Kenya nayo ina mipaka. Dalali lazima awe na leseni, na anapotumwa na korti awe na hati yake. Mwambie akuonyeshe zote mbili. Akija mara ya kwanza kwa ajili ya vitu vya nyumbani, anaandika orodha ya mali na thamani yake, anakuachia notisi ya siku 7. Siku hiyo habebi hata kiti. Sheria ya kesi za madai, kifungu cha 44, inalinda nguo zenu za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na malazi, na vifaa vya kazi yako. Fundi, cherehani yako ndiyo jiwe lako la kusagia!

Hizo siku 7 usizimalize ukilia tu. Ndizo siku za kutafuta wakili, kurudi kortini, kuomba kulipa kidogo kidogo.

3. Alifunga mlango afanye kazi

Elisha alimuuliza ana nini nyumbani. Chupa ya mafuta tu. Akatumwa nje kuazima vyombo kwa majirani, kisha afunge mlango. Unaona? Wengi wetu tunafunga mlango tusionekane. Yeye aliufunga akimimina.

Mafuta yalipokoma, agizo lilikuja kwa mpangilio: uza, lipa deni, kinachobaki mle wewe na wanao. Muujiza haukufuta deni. Ulimpa cha kulipia. Kuna anayesubiri Mungu amfutie kodi ilhali Mungu ameshampa chumba cha kupangisha, au kuku 20 wa kuuza.

Na kanisa, sisi ndio wale majirani. Bila vyombo vyao, mafuta yangekoma mapema. Wiki hii msindikize mtu hadi ofisi ya kaunti. Msomee barua yule mzee asiyeona vizuri. Lakini habari zake zisifike kwenye kikundi cha WhatsApp.

Tuombe: Baba, tupe ujasiri wa kufungua barua tulizozificha. Bariki kidogo kilicho nyumbani mwetu. Utufundishe kulipa tunachodaiwa, na uwalinde watoto wetu. Katika jina la Yesu, amina.