Picha Isiyosema Neno

Katika ofisi ya usharika wetu palikuwa na msumari uliokaa ukutani miezi minne bila kubeba kitu. Nataka kuandika juu ya picha iliyokuwa imetundikwa hapo, na juu ya kosa nililolifanya nilipoishusha.

Picha yenyewe ni rahisi kuieleza. Ni karatasi nene nyeupe ndani ya fremu nyeusi. Sehemu ya chini kuna mstari mmoja mweusi, mwembamba, unaokwenda kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Juu ya mstari, kuelekea kulia kidogo, kuna duara moja la bluu iliyokolea. Duara halijagusa mstari. Sehemu yote iliyobaki ni nyeupe. Hakuna mtu, hakuna mti, hakuna msalaba, hakuna andiko.

Aliyeitengeneza ni kijana wa usharika, mwimbaji wa kwaya ya vijana, ambaye hujipatia riziki kwa kubuni kadi za harusi na mabango kwenye kompyuta. Wiki chache baada ya kumzika baba yake alikuja ofisini, akanisalimu, akabaki amesimama mlangoni. "Baba Mchungaji," akasema, "kanisa lilitusaidia sana msibani. Sina sadaka kubwa ya shukrani. Nimeleta hii." Nikamuuliza ni nini. Akajibu, "Ni picha tu, Baba." Niliitundika mbele ya kiti wanachokalia watu wanaokuja kuzungumza nami.

Mwanzoni watu walicheka. Mama mmoja alisema hata mjukuu wake wa chekechea angeweza kuichora. Kisha wakaanza kuuliza maana yake. Sikuwa na jibu. Juma la tatu mtu mmoja akasema lile duara ni jicho, na mwingine akamalizia kwamba penye jicho pana Frimasoni. Neno hilo likatoka ofisini likafika kwenye jumuiya. Mzee wa kanisa ninayemheshimu akanijia akaniambia kwa upole, "Mchungaji, picha isiyojulikana maana yake haifai kukaa katika ofisi ya kanisa. Watu wanasema." Nilijua kwamba wanachosema si kweli. Hata hivyo jioni ile niliishusha nikaiweka nyuma ya kabati, nikijiambia kwamba nalinda amani. Jumamosi yule kijana aliingia kuchukua ufunguo wa chumba cha kwaya. Akaona msumari. Hakusema kitu, aliaga tu. Jumapili iliyofuata hakuwepo kwenye kwaya, wala Jumapili nyingine zilizofuata.

Tangu hapo nimekuwa na maswali mawili. La kwanza: picha isiyoonyesha kitu ina nafasi gani kati ya watu wa Mungu? La pili: Mkristo afanye nini mbele ya jambo asilolielewa? Nilidhani la kwanza ndilo kubwa. Sasa naamini kubwa ni la pili, ila siwezi kulifikia bila kupitia la kwanza.

Sanaa ya namna hii si jambo la jana. Mwezi Desemba mwaka 1915, katika mji wa Petrograd nchini Urusi, msanii Kazimir Malevich alionyesha picha ya mraba mweusi kwenye turubai nyeupe, basi. Aliitundika juu kabisa kwenye kona ya chumba, mahali ambapo Wakristo wa Kiorthodoksi wa Urusi huweka picha takatifu nyumbani mwao. Wengi waliona hiyo ni dharau. Nusu karne baadaye, mwaka 1965, Georg Nees alionyesha huko Stuttgart, Ujerumani, michoro ya mistari iliyochorwa na mashine kwa maelekezo ya kompyuta. Kijana wetu hakuhitaji kujua habari hizo. Alikaa mbele ya kompyuta yake, akaanza na ukurasa mtupu, akaweka mstari, akaweka duara, akapeleka faili kwenye duka la kuchapisha mabango. Faili hilo linaweza kutoa nakala nyingine leo au kesho, zote zikiwa sawa.

Wapo wanaosema kwamba kitu kilichofanywa kwa urahisi hivyo hakina thamani. Naielewa hoja hiyo, maana nasi tumefundishwa kuheshimu jasho. Lakini jasho si kipimo cha pekee. Sala ya mtoza ushuru katika Luka 18 ni fupi kuliko ya Farisayo, wala hatusemi kwamba haikumgharimu kitu. Kuacha kusema nako kuna gharama yake. Aliyewahi kukaa na mfiwa anajua kwamba kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kutoa hotuba.

Wengine hutaja sanamu. Hapa sisi Walutheri tuna historia yetu. Mwanzoni mwa mwaka 1522, Martin Luther akiwa bado amefichwa katika ngome ya Wartburg, baadhi ya watu wa Wittenberg waliongozwa na Andreas Karlstadt kutaka picha zote ziondolewe makanisani, na nyingine zikavunjwa. Luther alirudi, na kuanzia tarehe 9 Machi mwaka ule alihubiri siku nane mfululizo. Hakusema kwamba picha zinaokoa. Alisema kwamba tuna uhuru wa kuwa nazo au kutokuwa nazo, ila hatuna ruhusa ya kuziabudu, na kwamba sanamu iliyo moyoni haiwezi kuvunjwa kwa nyundo. Tena alionya juu ya kulazimisha na kufanya haraka pasipo upendo kwa walio dhaifu. Miezi michache baadaye, mwezi Septemba, tafsiri yake ya Agano Jipya ilitoka ikiwa na picha za kitabu cha Ufunuo, zilizotoka katika karakana ya Lucas Cranach. Kwa hiyo picha iliyochapishwa kwa nakala nyingi si ngeni katika kanisa letu. Ilikuwepo tangu mwanzo.

Lakini picha za Cranach zilionyesha kitu. Vipi ile isiyoonyesha kitu? Hapa nilirudi kwenye Maandiko, na nikakuta jambo nililokuwa nimelisoma mara nyingi bila kusimama. Katika Kutoka 25, Mungu anaagiza makerubi wawili wa dhahabu, mmoja kila upande wa kiti cha rehema. Kati yao haagizi kuwekwa sanamu yoyote, bali anasema kwamba atakutana na Musa hapo hapo, katikati, mahali patupu. Kumbukumbu la Torati 4 inawakumbusha Israeli kwamba siku ile mlimani walisikia sauti, lakini hawakuona umbo. Mwaka 63 kabla ya Kristo, jemadari wa Kirumi aitwaye Pompey aliingia kwa nguvu mpaka Patakatifu pa Patakatifu pale Yerusalemu. Mwandishi wa Kirumi Tacitus anaeleza kwamba ndani hamkuwa na sanamu ya mungu yeyote. Kwa askari huyo hapakuwa na kitu. Kwa Israeli hapo ndipo palipokuwa patakatifu kuliko pote.

Kisha nenda Yohana 20. Mariamu anachungulia kaburini, anaona malaika wawili wameketi, mmoja kichwani na mmoja miguuni, na kati yao pale ulipolazwa mwili hakuna kitu. Imani yetu inakiri habari kubwa kuliko zote mbele ya mahali patupu.

Sasa tazama ukuta mwingine. Katika nyumba zetu nyingi kuna picha ya Yesu mwenye nywele laini ndefu na ngozi nyeupe. Mojawapo inayojulikana sana ilichorwa mwaka 1940 na Warner Sallman, msanii wa Chicago, Marekani, nayo imechapishwa kwa mamilioni. Simdharau mtu anayeipenda. Bibi yangu alikuwa na picha ya namna hiyo kando ya kitanda, na ninaamini aliomba vizuri. Lakini ajabu ni hii: picha inayotuonyesha sura ambayo hakuna aliyehai aliyewahi kuiona hatukuiuliza swali hata moja. Ile isiyodai kujua sura ya Mungu ndiyo tuliyoiita ya shetani.

Sitaki kuzidisha. Picha ya kijana wetu haihubiri. Haiwezi kumwambia mtu kwamba dhambi zake zimesamehewa. Mungu wetu hakubaki kuwa fumbo jeupe. Alizaliwa na Mariamu, akasulubiwa, akafufuka, na hutujia katika Neno, katika Ubatizo na katika Meza ya Bwana. Mahali patupu pasipo Neno panaweza kujazwa na chochote, na hivyo ndivyo ilivyotokea ofisini kwangu. Tulikuta nafasi nyeupe, tukaijaza hofu zetu. Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza. Gizani mtu huona mwizi katika kila kichaka, na akipiga kelele, anayeumia ni jirani aliyekuwa anapita zake.

Ndipo nafika kwenye swali la pili. Watoto wa kipaimara ninaowafundisha hukariri Amri ya Nane, usimshuhudie jirani yako uongo. Katika Katekisimo Ndogo Luther haishii kutukataza kusengenya. Anatutaka tumtetee jirani, tumnene vizuri, na tuyapokee mambo yake kwa maana iliyo njema zaidi. Mimi huwasahihisha watoto wanapokosea neno moja la maelezo hayo. Lakini siku ile mzee aliponiambia "watu wanasema", nilikuwa na nafasi ya kusema, "Namfahamu kijana huyu. Ametoka kumzika baba yake. Hii ni shukrani." Sentensi tatu zingetosha. Sikuzisema. Sikusema uongo wowote, na bado nilimshuhudia uongo, kwa sababu kuishusha picha kulikuwa ni kuwaambia wote kwamba uvumi ule una ukweli ndani yake. Amani niliyoilinda ilikuwa yangu mwenyewe, na aliyelipia ni yeye.

Mwezi wa nne nilikwenda nyumbani kwao. Mama yake alinikaribisha chai, kisha akatuacha. Nilimwambia kijana kwamba nimekuja kuomba msamaha, nikaeleza kwa nini, bila kumtaja mtu mwingine. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Baba Mchungaji, usiku aliofariki mzee nilijaribu kuomba, maneno hayakuja. Nilifungua kompyuta nikachora hicho tu." Nikamuuliza kama alikuwa na maana fulani. Akasema, "Sikujua niandike nini. Niliacha hivyo."

Mtume Paulo katika Warumi 8 anafundisha kwamba tusipojua kuomba itupasavyo, Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikotamkika. Nimelihubiri somo hilo mara nyingi. Sikutambua kwamba lilikuwa limetundikwa ukutani kwangu, na kwamba nilikuwa nimelitia nyuma ya kabati kati ya makopo ya rangi na viti vilivyovunjika.

Picha imerudi kwenye msumari wake. Nilimwambia mzee wa kanisa kabla ya kuitundika, na katika kikao cha baraza la wazee nilikiri kosa langu. Yule mzee bado haipendi, naye ana haki hiyo. Uhuru aliouhubiri Luther ni wake pia. Tulichokubaliana ni kwamba hakuna mtu atakayesema tena habari za jicho bila kwenda kwanza kwa mwenye picha. Kijana amerudi ibadani. Hukaa viti vya nyuma, karibu na mlango. Kwenye kwaya bado hajarudi, nami sijamhimiza.

Mpendwa msomaji, huenda katika nyumba yako au usharika wako kuna mtu aliyeleta kitu ambacho hukukielewa: wimbo wa mtindo mgeni, machozi yasiyo na sababu unayoijua, ukimya wa kijana mezani. Kabla hujakipa jina, muulize mwenyewe. Akikosa jibu, kaa naye hapo hapo.