Mwalimu Aliyeinama
Mwaka 1955 Chuo Kikuu kiliundwa Elisabethville, mji uitwao sasa Lubumbashi. Tangu 1967, atakaye kuingia chuoni sharti ashinde kwanza mtihani wa Serikali. Lakini kule Kolwezi wako watoto waokotao mawe ya shaba na kobalti ili wapate karo. Jioni wamechoka, na Kifaransa cha vitabuni chawashinda. Nani atawasaidia?

Bwana wetu Yezu ni Mwalimu, naye aliinama akawaosha wanafunzi wake miguu. Basi mwalimu wa Chuo Kikuu awafundishaye maskini hao bila malipo, huyo amfuata Yezu.

Nawe mkatekumeni ujuaye kusoma, jirani yako asiyejua akungoja. Umfundishe leo, wala usidai kitu.